UZI: Tamasha la Bach mjini Leipzig na karatasi zilizolifanya liwezekane

Kinanda cha Machame (mleta uzi):

Wakuu, habari za saa hizi. Humu tunajadili kwaya mara kwa mara, lakini sijaona uzi wa tamasha hili, na mimi naishi Ujerumani, mwendo mfupi wa treni kutoka linapofanyika. Naomba niliandike kwa kirefu. Walimu wa kwaya nawahitaji zaidi hapa, kwa sababu naamini hili jambo linawahusu wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kila Juni, kwa siku kumi hivi, mji wa Leipzig unafungua makanisa, kumbi na hata uwanja wake wa soko kwa ajili ya Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki Mjerumani. Tamasha linaitwa Bachfest. Bach aliajiriwa hapo mwaka 1723 kuwa mwalimu wa muziki wa kanisa la Thomaskirche na shule yake, akabaki kazini mpaka alipofariki tarehe 28 Julai 1750. Sherehe za kumuenzi zimefanyika mjini humo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ile ya 1908 ndiyo iliyozindua sanamu yake inayosimama mpaka leo kando ya Thomaskirche, na tangu 1999 tamasha hufanyika kila mwaka chini ya Bach-Archiv, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1950. Ufunguzi ni kazi ya Thomanerchor, kwaya ya wavulana iliyoanza mwaka 1212. Siku ya mwisho huimbwa Misa kubwa ya Bach, aliyoikamilisha akiwa karibu kupoteza macho.

Anayeenda hamsikii Bach peke yake. Anamsikia Kuhnau aliyemtangulia kazini, Telemann ambaye baraza la mji lilimtaka kwanza akakataa, Händel aliyezaliwa mwaka mmoja naye, 1685, pale Halle, karibu kabisa na Leipzig, na wawili hao hawakuonana hata siku moja. Anawasikia wanawe. Anamsikia Mendelssohn, aliyezaliwa baadaye sana, ambaye mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 20 aliongoza upya mjini Berlin Mateso ya Mathayo ya Bach, yaani simulizi ya kuteswa kwa Yesu kwa waimbaji na vyombo, yaliyokuwa yamesahaulika. Enzi nzima inafunguka, na unaanza kuelewa kwamba Bach alikuwa mwajiriwa miongoni mwa waajiriwa wengine.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Tarehe 23 Agosti 1730 Bach aliliandikia barua baraza la mji. Alikuwa na makanisa manne ya kuhudumia na wavulana wa shule ndio waimbaji wake. Akaeleza kwamba kila kwaya inahitaji waimbaji wasiopungua 12, na 16 ndiyo afadhali, ili mmoja akiugua kazi isilale. Kisha akawahesabu wavulana wake wote, jina kwa jina: 17 wanafaa, 20 bado hawajaiva, 17 hawafai kabisa. Wapiga vyombo wa mji walikuwa wanane tu, na uwezo wa baadhi yao aliona heshima kutousema. Miezi miwili baadaye akamwandikia rafiki yake wa utotoni, Georg Erdmann, kwamba maisha Leipzig ni ghali, wakubwa hawaupendi muziki, na mwaka ambao hewa ni nzuri watu hawafi, hivyo ada za mazishi zinapungua. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza zaidi ya thaler 100 (sarafu ya Ujerumani ya wakati huo) kwa njia hiyo.

Mwalimu wa kwaya wa usharika, soma hiyo barua halafu niambie kama hujaijua hiyo hali. Mazoezi Jumamosi, besi wawili hawajafika, mzee wa kanisa anauliza kwa nini mnataka hela ya nauli. Huyu mtu alikuwa katika hali hiyo hiyo na bado, katika miaka yake ya kwanza Leipzig, karibu kila Jumapili ilikuwa na kantata mpya.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

Sauti ya Pili:

Mkuu asante kwa uzi. Mimi ni alto, usharika mmoja hapa Moshi. Naomba uanzie chini kidogo. Kantata ni nini hasa? Na sisi tusiosoma nota, tunaosoma doremi, tunaingiaje?

Kinanda cha Machame:

Dada, swali zuri. Kantata ya kanisani ni muziki wa dakika kama 20 au 25 uliopigwa katikati ya ibada, karibu na mahubiri, ukifafanua somo la siku hiyo. Mara nyingi kuna kwaya na vyombo mwanzoni, kisha mwimbaji mmoja mmoja, na mwisho ubeti wa wimbo wa kanisa kwa sauti nne. Zimesalia kama 200.

Sasa sikiliza hili. Jumapili ya tarehe 11 Juni 1724 Bach alianza mwaka wa namna ya pekee: karibu kila kantata aliijenga juu ya wimbo mmoja wa kitabuni, wimbo ambao muumini aliyekaa kwenye benchi alikuwa ameujua tangu utoto. Nyimbo za Luther, za Philipp Nicolai, za Paul Gerhardt. Zingine ni hizo hizo zilizomo katika kitabu chetu cha nyimbo cha KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaja na nyimbo hizo, zikatafsiriwa Kichaga na Kiswahili, zikaingia kwenye tarumbeta zetu. Kwa hiyo wewe alto wa Moshi umekwisha kuingia zamani. Sauti ya kwanza kwenye kantata ikianza kuvuta ule wimbo polepole huku vyombo vinakimbia chini yake, utautambua kabla mimi sijakuambia.

Mwaka 2024 zilitimia miaka 300 tangu Jumapili ile. Tamasha likaamua kuimba mwaka mzima wa kantata hizo, na likaziita kwaya za Bach kutoka mabara mbalimbali kuja kuziimba, nyingi zikiwa za watu wenye kazi zao nyingine za mchana. Kabla ya kantata, watu wote kanisani waliimba wimbo wenyewe. Kanisa la mawe, watu wa lugha tofauti, wimbo mmoja. Sijasikia kitu kama hicho.

Bandari ya Kale:

Assalaam aleikum jamaa wote. Mwalimu nakuheshimu, umeandika vyema, lakini niruhusu nitie neno kutoka Mombasa. Sisi pwani tuna mabingwa wetu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, na ni vijana wangapi leo waweza kukuimbia nyimbo zake tatu? Kwa nini nguvu zetu ziende kumsifu Mjerumani? Pili, umetaja enzi. Enzi hiyo hiyo ndiyo meli zilikuwa zikibeba watu wetu wa magharibi kama mizigo. Je, tamasha lasema lolote juu ya hilo, ama ni viola na mishumaa tu?

Kinanda cha Machame:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Naanza na la pili kwa sababu ndilo zito.

Umesema kweli. Händel mwenyewe alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara ya watumwa, na watafiti wameziona hati zenye jina lake. Na wakati Bach yuko Leipzig, alikuwepo Mwafrika jirani kabisa: Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim, Ghana ya leo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto na kukabidhiwa kwa watawala wa Wolfenbüttel. Alijiandikisha chuo kikuu cha Halle mwaka 1727, na mwaka 1729 akatetea hoja juu ya haki za Waafrika walioko Ulaya. Andiko lenyewe limepotea. Akasoma Wittenberg, akafundisha falsafa Halle na Jena, kisha akarudi kwao Afrika. Halle na Jena zote ziko karibu na Leipzig. Tamasha lolote linalodai kuonyesha enzi ya Bach lina deni la kumtaja Amo, na mimi ningependa kuona jioni nzima ikitengwa kwa ajili yake.

Sasa la Siti. Nakubaliana na wewe kabisa, na ndiyo sababu halisi ya kuanzisha uzi huu. Tujiulize Leipzig wanapata wapi cha kuimba. Wanaimba kwa sababu kuna watu walitunza karatasi. Nisimulie, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Bach alipofariki hakuacha wosia. Nota zake ziligawanywa nyumbani. Wilhelm Friedemann, mwanawe wa kiume wa kwanza, alichukua fungu kubwa, na maisha yalipombana akaanza kuuza. Mdogo wake, Carl Philipp Emanuel, alitunza lake kwa uangalifu. Mjane, Anna Magdalena, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinakili nota za mumewe kwa mkono wake, alibaki na nota za waimbaji na wapigaji za ule mwaka wa kantata za 1724. Akazikabidhi kwa shule ya Thomaskirche, na akapewa muda wa kuendelea kukaa kwenye nyumba ya mwalimu. Alifariki mwaka 1760 akiishi kwa msaada wa mji. Mama huyo alikufa maskini, na kantata alizozitoa ndizo zilizobaki pamoja, kwenye shule ile ile, vizazi kwa vizazi.

Familia iliandika kwamba Bach alitunga miaka mitano mizima ya kantata. Zilizopo leo zinatosha takriban miaka mitatu. Mateso ya Marko, maneno tunayo, muziki umekwenda. Hakuna aliyechoma kitu kwa makusudi. Mtu alihama nyumba, mtu alihitaji hela, sanduku likalowa.

Na fungu la Carl Philipp Emanuel? Sehemu yake iliishia kwenye maktaba ya Sing-Akademie, chama cha waimbaji cha Berlin, ikahamishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikatoweka. Mwaka 1999 watafiti waliikuta Kyiv, Ukraine. Ikarudi Berlin miaka miwili baadaye.

Ngoja niongeze moja. Mwaka 2005 mtafiti wa Bach-Archiv aitwaye Michael Maul alikuwa akipekua salamu za zamani za siku ya kuzaliwa ya mtawala wa Weimar. Ndani yake akakuta wimbo wa Bach, wa mwaka 1713, ambao hakuna aliyejua kuwa upo. Maktaba zilimokuwa zinatunzwa karatasi hizo iliungua Septemba 2004. Karatasi zenyewe zilikuwa zimetolewa nje kabla ya moto. Huyo Maul ndiye baadaye akawa mkurugenzi wa tamasha. Anayepanga nini kiimbwe ni mtu aliyepitisha miaka yake kwenye masanduku ya karatasi, na unaiona alama yake kwenye ratiba.

Bandari ya Kale:

Sasa nimekufahamu. La Amo nilikuwa sijalisikia, nashukuru sana. Na hilo la karatasi lanigusa. Tarabu ya pwani nyingi imo vichwani mwa wazee na kwenye sahani za santuri ambazo watu wamezitupa. Kuna mzee jirani yetu alikuwa na daftari la mashairi ya nyimbo kwa hati za Kiarabu. Alipofariki, wanawe hawasomi hati hizo. Sijui daftari liko wapi. Nitauliza wiki hii.

Mchunguzi wa Besi:

Naunga mkono hoja. Niko Dodoma, kwaya ya parokia, Mkatoliki. Kwetu watunzi ni wengi mno, kila parokia ina mwalimu anayetunga, nyimbo zinazunguka kwa nakala za kopi juu ya kopi mpaka jina la mtunzi linafutika juu ya karatasi. Nimeimba nyimbo nzuri kabisa za misa ambazo hakuna anayejua nani alizitunga. Mkuu, hao Wajerumani walijuaje kuwa huyu alikuwa mkubwa? Maana ukisoma barua yake, wakubwa wake hawakumwona kitu.

Kinanda cha Machame:

Hawakujua, mkuu. Baraza la mji lilimtaka Telemann, halafu mtunzi mwingine, Graupner, ambaye mwajiri wake hakumwachia. Diwani mmoja alisema kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, itabidi wachukue wa kawaida. Huyo wa kawaida ndiye Bach. Alipozikwa kwenye makaburi ya Johanniskirche hakuwekewa jiwe lenye jina. Mifupa inayoaminika kuwa yake ilifukuliwa 1894, na ikahamishiwa Thomaskirche mwaka 1950, ambako leo watu huweka maua juu ya bamba la shaba.

Kwa hiyo hoja ya "tutunze za wakubwa tu" haina msingi. Aliyetunza hakuwa anajua. Mama Anna Magdalena alizitoa kwa sababu shule ilikuwa bado inaziimba.

Hilo la majina kufutika limeniuma. Leipzig kulikuwa na wanakili waliosaidia kila wiki, wanafunzi na watoto wa nyumbani, na watafiti leo wanawatofautisha kwa mwandiko tu. Bach mwenyewe alizoea kuandika herufi S.D.G. mwishoni mwa nota, utukufu kwa Mungu pekee. Lakini nota kamili ilibaki kwenye familia yake, ndipo jina likabaki. Mkuu, wewe uliyeko Dodoma, mnaweza kuanza wiki hii: piga picha nota mlizo nazo, andika jina la mtunzi, parokia, na mwaka kama unajulikana. Wazee wanaokumbuka bado wako hai.

Mama wa Kwaya:

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Mimi nauliza kama mzazi. Hao wavulana wa Thomanerchor wanaishije? Maana kwaya ya watoto hapa kwetu inakufa watoto wakifika darasa la saba.

Kinanda cha Machame:

Marahaba kwa niaba ya wazee, na mimi nakuamkia mama, shikamoo. Ni kwaya ya wavulana karibu 100, wa miaka tisa hadi 18, wanaishi bweni moja na kusoma shule moja. Wakubwa ndio wanaowalea wadogo, hata kwenye mazoezi: waimbaji wa sauti za tena na besi ni wale wale waliokuwa sauti ya kwanza miaka michache kabla. Sauti ikivunjika, kijana hatolewi, anasubiri pembeni kisha anarudi na sauti mpya. Nafikiri hilo ndilo la kuiga. Kwetu mtoto sauti ikibadilika tunamwacha aende, na tunampoteza moja kwa moja.

Mtu akifika Leipzig nje ya siku za tamasha asikate tamaa. Wakati wa muhula kwaya huimba Thomaskirche Ijumaa saa 12 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri, kwa kiingilio kidogo. Ng'ambo ya kanisa kuna nyumba ya mfanyabiashara Bose, rafiki wa familia ya Bach, ambayo sasa ni makumbusho. Ndani kuna picha ya Bach iliyochorwa na mchoraji Haussmann mwaka 1748, ameshika karatasi ya nota. Ilirudi Leipzig mwaka 2015 baada ya miaka mingi Marekani. Na mitaa michache kutoka hapo palikuwa na mkahawa wa kahawa wa Zimmermann, ambako Bach aliongoza kundi la wanafunzi wa chuo kikuu tangu 1729. Alitunga hata kantata juu ya binti anayegombezwa na baba yake kwa kupenda kahawa. Watu wa Kilimanjaro mtaipenda.

Bandari ya Kale:

Na asiyekuwa na nauli wala viza?

Kinanda cha Machame:

Mwaka 2020 corona ilifuta tamasha lote. Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili mwaka huo waliimba Mateso ya Yohana ndani ya Thomaskirche tupu, pembeni ya kaburi la Bach. Mwimbaji mmoja wa tena, Benedikt Kristjánsson kutoka Iceland, alibeba simulizi yote, akiwa na mpiga kinanda na mpiga ngoma, na waimbaji wachache tu wa nyimbo za kusanyiko. Ilirushwa mtandaoni, na walioko majumbani duniani kote waliombwa waimbe zile nyimbo za kusanyiko hapo walipo. Mimi niliimba besi jikoni. Tafuteni hiyo kwanza. Ni ya watu wachache kabisa, na inaonyesha kwamba kukosa okestra si sababu ya kutoimba Mateso.

Sauti ya Pili:

Nimeisikiliza jana usiku, nimelia. Leo nimezungumza na mwalimu wetu. Anataka tuanze na kitu kimoja kifupi cha Bach kwa ajili ya Majilio. Tupo sauti ya kwanza kumi, alto saba, tena wanne, besi watano, na kinanda. Tuchukue kipi? Na ile kabati ya nota ya kwaya tumeifungua. Kuna za miaka ya sabini, zimeandikwa kwa mkono, doremi, nyingine panya wameanza kula pembeni.

Kinanda cha Machame:

Dada yangu, hiyo kabati kwanza! Msizikunje, msizibandike kwa gundi ya selotepu, inakula karatasi. Ziwekeni bapa kwenye bahasha, pigeni picha mchana dirishani bila mwanga wa jua kuangukia moja kwa moja, kisha nakala moja ikae usharikani na nyingine ofisi ya dayosisi. Kama mtunzi yeyote ana mjane au watoto, waiteni, waonyesheni, waombeni wataje majina.

Wimbo: chukueni ubeti wa mwisho wa kantata namba 140, aliyoitunga kwa ajili ya Jumapili ya tarehe 25 Novemba 1731. Ni wimbo wa Nicolai juu ya wanawali kumi, unafaa kabisa kuelekea Majilio. Sauti ya kwanza inaanza d m s s, s s l s. Wazee wataujua wakisikia mstari huo tu. Umeandikwa E flati, na unapanda hadi mi ya juu, ambayo hapo ni G. Kwa kwaya ya asubuhi ni juu mno. Ushusheni do iwe C. Msione aibu, makundi mengi yanayotumia vyombo vya namna ya kale kule Leipzig hupiga karibu nusu toni chini ya kinanda chenu.

Waanze besi peke yao. Kwa Bach besi inatembea, na ikishasimama imara hao tena wanne watatosha. Msiharakishe, na mwishoni mwa kila mstari pumueni wote pamoja. Ukinitumia ujumbe wa faragha nitakuandikia sauti zote nne kwa doremi.